Kiumo Usichokiacha

Nau,

Nilianza barua hii kwa Kikamba, baba yangu, nikaacha. Kikamba cha nyumbani kwetu siku hizi ni cha kupokea wageni wa matanga tu, na kila neno nililoandika lilisikika kama mzee anakohoa kwenye thome, pale wanaume wanapokaa nje ya boma, kabla ya kutoa pole. Kwa hivyo nakuandikia Kiswahili, kile chetu sisi wawili. Wewe ulikileta kutoka vita vya Wajerumani pamoja na lile bega lililoinama kwa mizigo ya kariakoo, jeshi la wapagazi. Mimi nilikipata shuleni misheni. Tukikizungumza Mwaitu, mama yangu, alikuwa anasema, "Haya, wameanza tena, wananisengenya mbele ya macho yangu." Na kumbe mara nyingi tulikuwa tunazungumza habari ya mbuzi.

Sijalia. Nakuambia wewe kwa sababu wengine wanadhani nalia nikiwa nimejificha, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. Mwaitu alilia. Mutua, mwanao mkubwa mwenye mikono kama mihimili, alilia mpaka akatapika. Mimi nilisimama kando ya kaburi nikitazama siafu wakipanda kiatu cha mwalimu wa misheni, nikawa najiuliza atawajua saa ngapi. Aliwajua katikati ya sala. Aliruka kama kwale. Hakuna aliyecheka, Nau, na hapo ndipo nilipoelewa kidogo kwamba haupo, maana ungekuwepo ungecheka.

Tangu siku ile ni kama nimewekewa pamba masikioni. Naamka, nachota maji, natwanga, naambiwa "pole mwana" nami naitika. Jioni nakaa.

Nikupe habari. Mvua ilinyesha mara moja ikatoroka. Mbaazi za upande wa mto zimesimama, za juu zimekauka. Bwana Saidi wa duka la Kitui mjini alivuka Athi kuja kutupa pole, na kofia yake nyeupe na kahawa iliyofungwa kwa karatasi. Mwaitu hakujua aipike vipi, akaichemsha pamoja na maziwa, na Bwana Saidi akainywa yote bila kukunja uso. Aliniambia, "Baba yako, binti, alikuwa akija dukani ananunua chumvi kidogo na kuacha maneno mengi." Alisema maneno hayo yamefika mbali kuliko wewe mwenyewe. Madereva wa malori wanayabeba. Kule Pumwani, Nairobi, Waswahili wanayarudia kwenye vibaraza vyao, na Wakikuyu wameuliza huyu mzee wa Ukambani anayesema serikali ikataliwe bila kiapo ni nani. Bwana Saidi aliwajibu kwamba ni mteja wake. Alijivuna kidogo alipokuwa akinisimulia.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mtu mkubwa akifa watu humgawana kama nyama ya shughuli. Wewe unajua mbuzi akichinjwa kila mtu ana sehemu yake, wazee kichwa na kidari, wanawake shingo, wajomba paja. Basi hivyo hivyo. Chifu alisimama barazani akasema marehemu alimwambia faraghani kwamba ng'ombe wamezidi nchi na afadhali wapunguzwe. Mwalimu wa misheni anasema ulikuwa umebakiza kidogo tu ubatizwe. Yule mama anayeuza ugoro katika soko la mji wa Wote, ambaye mlikuwa mkigombana kila mara, anawaambia wateja, "Kama alivyosema yule mzee wangu," halafu anasema lake. Nilikuwa napita na kiondo changu, nasikia, nanyamaza. Unanijua. Hata kuuliza bei ya viazi ni kazi kwangu.

Ulichosema wewe nakijua, kwa sababu ulikisema nyumbani kabla ya kukisema Ikutha, Kwa Vonza na kila mahali ulikotembea na zile ndala zako za ngozi. Serikali ilipotoa amri ya kupunguza ng'ombe, wakaja na chapa ya moto wakachoma wale tunaoruhusiwa kubaki nao, na wengine wakaamriwa kupelekwa mnadani kwa ajili ya kiwanda cha nyama, vijana wote walikuja kwako wakitaka kiapo. Walitaka kithitu, kile chombo cha kuapia, kiletwe, kila mwanamume ale kiapo kwamba atakayempeleka ng'ombe wake mnadani afe yeye na nyumba yake. Wewe ulikataa. Uliwaambia vitani uliona watu wakibeba mizigo mpaka wakaanguka, na hakuna aliyesema sitaki, kwa sababu kila mmoja aliogopa kilichokuwa nyuma yake. Ukawaambia, "Anayekataa akatae kwa mdomo wake. Aliyefungwa na kiapo hajakataa, amefungwa mara mbili." Mzee Kilonzo alinung'unika. Alisema hiyo ni siasa ya watu waliojaliwa ushujaa, na wengine je? Nawe ukamjibu, "Wengine watajifunza." Nilikuwa napepeta mtama. Nilidhani ni mazungumzo ya wazee tu.

Ndipo ukarudi kutoka Kwa Vonza umelowa, ukashikwa na kichomi, ukafa.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya niandike.

Siku ya matanga, watu walipokuwa wameanza kulegea, kila mmoja akimwangalia mwenzake na kuhesabu ng'ombe wake kwa macho, Mzee Kilonzo alisimama kwenye thome yetu. Kilonzo wako, uliyebeba naye mti mmoja mabegani kutoka Voi mpaka nchi ya Wajerumani. Alisema ulipokuwa unakata roho uliacha kiumo, ile laana ya mwisho. Ulisema mtu yeyote wa huku atakayetoa ng'ombe wake kwa mnada wa serikali, nyumba yake izimike.

Unajua neno la mzee anayekufa lilivyo kwetu. Kithitu mtu anaweza kukikwepa, asiende. Kiumo kinakufuata shambani. Hata mwalimu wa misheni aliposikia alikuna shingo, akasema hilo ni jambo la kuombea.

Na watu wakasimama imara, Nau. Hiyo ndiyo shida yangu. Wakasimama kama boma la miiba. Katika mnada wa wiki ile, pale sokoni Wote, Mzungu wa serikali alikaa na meza yake mpaka kivuli kikamhama, na hakuna aliyeleta hata ndama. Mutua alirudi akiimba. Habari zikavuka mto, Ikutha nao wakasimama, na Bwana Saidi akasema Nairobi watu wanashangaa. Kila mtu akasema mzee ana nguvu zaidi akiwa chini ya ardhi.

Mimi nilikuwepo ulipokata roho. Mwaitu alikuwa mtoni, Mutua machungani. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Najua ulisema nini. Nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu niliona wanafurahi.

Halafu Mbeke akaja.

Mbeke yule mjane wa chini ya kilima, anayecheka akiweka mkono mdomoni. Kumbe yeye alimtoa mtamba wake siku tatu baada ya kukuzika. Karani wa mnada alimpitia nyumbani akamtisha, na hakuwa amesikia habari ya kiumo, maana siku ya matanga alikuwa kwao Kilungu. Haukupita muda, mtoto wake Kasyoka akashikwa na homa. Watu wakaelewa mara moja. Wakaacha kuchukua moto kwake. Kisimani wakimwona anakuja walikuwa wanajaza haraka na kuondoka, na mmoja akamwambia, "Mama, usinipitie mbele, nina watoto." Na Mbeke mwenyewe akaamini. Alimtoa mtoto kwenye dispensari ya misheni, maana dawa ya Wazungu ina kazi gani na neno la mzee? Akamfunga mgongoni, akashika mbuzi kwa kamba, akaja kwetu ili nyumba ya aliyelaani imtemee maji na kumfungua.

Ilikuwa siku moja kabla ya mnada mwingine. Thome ilijaa. Mzee Kilonzo alifurahi kumwona, nadhani, ingawa alificha. Mtu akija kuomba afunguliwe, hakuna tena wa kubisha kwamba hajafungwa. Akamwambia Mutua, "Wewe ni mkubwa wa nyumba sasa. Chukua maji, uyateme kifuani pa mama na pa mtoto, useme baba amesamehe mara hii moja." Mutua akashika kibuyu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Kutoka pale nilimwona Kasyoka. Kichwa kilikuwa kimelala kwenye mgongo wa mama yake, mdomo wazi, na nzi anatembea kwenye mdomo hafukuzwi.

Nilitembea mpaka katikati ya wanaume. Sijui kama nilitembea vizuri. Nikasema, "Hakuacha kiumo."

Mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Msichana, ongeza! Sisi si panya wa kusikia unong'ono."

Nikasema tena, "Nau hakuacha kiumo. Nilikuwa naye mimi."

Mzee Kilonzo akaniuliza pole pole, kama mtu anayemshika ndama asiyefugwa, "Alisema nini basi, mama?" Aliniita mama. Hapo nilitamani unisaidie. Nilitamani ungekuwa umesema kitu kikubwa, hata sentensi moja tu niwape, Nau, wewe uliyekuwa na sentensi kwa kila kitu.

Nikawaambia ukweli. "Alisema maji haya yana moshi."

Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Moshi. Ni kile kiwanda cha nyama cha Athi. Aliona moshi wake." Mwingine akasema la, ni moshi wa chapa, ng'ombe wakichomwa. Wakaanza kubishana, Nau, wakiwa wamekunja uso kabisa. Niliona namna unavyoweza kuwa nabii kwa sababu ya kibuyu.

Aliyewanyamazisha ni Mwaitu. Alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Kibuyu nilikifukiza mimi. Kila nikikifukiza alikuwa analalamika. Miaka yote alilalamika." Akarudi jikoni. Hayo tu. Hajawahi kuongea mbele ya wanaume wengi namna ile, na baadaye tulipokuwa wawili hakulitaja.

Mzee Kilonzo alinitazama. "Unajua kesho ni nini?" Nikasema najua. "Unajua umefanya nini?" Kisha akasema, "Baba yako angekuchapa." Akakaa kwenye kigoda chake, halafu akasema, na nadhani hakuwa anasema na mimi, "Hapana. Yule asingekuchapa."

Mbeke alibaki amesimama na kamba mkononi. "Sasa nirudi na mbuzi wangu?" Mutua akamwambia, "Rudi naye, mama. Mpeleke mtoto dispensari. Nitakubebea." Akambeba yeye mwenyewe, mbio, na lile kundi la wanaume likawaachia njia.

Kasyoka anaishi. Amekuwa mwembamba kama ufagio lakini anaishi, na ameanza kuwatupia kuku mawe. Nakuambia hilo kabla ya lile lingine ili ulisikie kwanza.

Kesho yake, pale sokoni Wote, watu waliitwa nyumba kwa nyumba. Mzungu mezani, chifu kando yake na fimbo, karani akisoma majina. Wa kwanza walikataa, wakasema wazi. Halafu akaitwa Musyoka jirani yetu. Musyoka alisita, akatazama upande wetu, kisha akasema, "Nimeleta." Na baada yake wengine wakaleta. Walikuwa wengi. Siku moja nyuma wasingethubutu. Niliwaona watu ambao nimekula kwao tangu utotoni wakiwapiga ng'ombe wao mgongoni kwa kiganja, waingie zizini haraka, wasigeuke kuwatazama.

Mzee Kilonzo alikataa, wakamchukulia fahali wake kwa nguvu. Mutua alipoitwa alikaa kimya mpaka karani akarudia jina. Nilidhani ameshindwa. Kisha akasema, "Nakataa," kwa sauti ndogo ya mtoto, huyu Mutua wa kupasua kuni kwa goti. Wakachukua yule mweupe wa madoa na ndama wake. Ndama alilia njia nzima mpaka zizini. Nilipomfikia Mutua aliniambia, "Umeona? Nimesema."

Wakati wa kuondoka Mzee Kilonzo alinipita. Alisema, "Wewe mtoto umetupunguza kabla serikali haijatupunguza."

Nimelibeba hilo neno tangu siku ile. Sijui kama ana haki. Labda anayo. Kiumo cha uongo kilikuwa kinawalinda ng'ombe wa watu wengi, nami nikakivunja kwa ajili ya mtoto mmoja, na ingekuwa leo ningekivunja tena, na bado sijui. Jioni ile Musyoka alikuja nyumbani. Alisimama nje, hakuingia, akaniambia, "Nilisema ndiyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma. Baba yako alisema hivyo, sivyo? Kila mtu aseme lake?" Nilikuwa nataka umjibu wewe. Nadhani ulisema hivyo, Nau. Nadhani hukufikiria itakuwa Musyoka.

Hivi ndivyo mambo yalivyo sasa. Wale waliochukuliwa ng'ombe hawajatulia. Wameamua kutembea mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakae chini mbele ya nyumba ya Gavana mpaka awasikie. Machakos wameungana nao, na Bwana Saidi anasema huko mjini wapo watu wa makabila mengine wanaowangojea na maji. Hao hawajawahi kukuona hata siku moja. Vijana walirudi tena na maneno ya kithitu, wakasema safari namna hii bila kiapo watu watakimbia njiani. Mzee Kilonzo ndiye aliyewajibu. Alisimama na kile kikohozi chake akasema, "Anayetaka kwenda aende. Anayetaka kubaki abaki, na tukirudi tutamsalimu." Wakamwuliza amegeuka lini. Akasema, "Sijageuka. Nimechoka kumsemea mtu ambaye hanijibu." Halafu alinitazama mimi, akatema mate pembeni, akaenda zake. Huo ndio upatanisho tuliopata, mimi na yeye.

Mutua anaenda. Mbeke amesaga unga wa kutosha watu wengi, na amefunga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye vitambaa. Yeye atabaki na Kasyoka. Musyoka ameleta viatu vyake vya ngozi, akamvalisha Mutua.

Na mimi naenda. Sijakuambia mpaka sasa kwa sababu nilikuwa naogopa kuliandika. Mwaitu hakunikataza. Alinitazama tu akasema, "Basi funga kichwa vizuri, jua la Nairobi si la hapa," kana kwamba amewahi kufika huko.

Tutaondoka alfajiri, kwa hivyo niage.

Nau, wanawake wamesema huko makarani watatuuliza mmoja mmoja sisi ni nani na tumetaka nini. Mzee Kilonzo amenifundisha jibu. Nianze na jina lako, niseme mimi ni mtoto wa fulani, ndipo watasikiliza, maana jina lako wanalijua. Usinikasirikie. Sitaanza nalo. Nimeshaona kinachofanywa na jina lako. Nakuahidi hivi: nikisimamishwa mbele yao nitasema mimi ni Syombua, nitasema walimchukua ng'ombe wetu mweupe wa madoa na ndama wake, na nitasema namtaka arudi. Nitasema kwa sauti, hata ikitoka ya panya. Jina lako nimeliacha hapa kwa Mwaitu. Yeye analitaja akipika, peke yake, na hamwombi mtu yeyote amwamini.

Lala sasa.

Mwanao,
Syombua